Umeachwa kwenye orodha? Hivi ndivyo kompyuta inavyochuja majina

Msimu uliopita wa mavuno tulipokea simu studioni ambayo mpaka leo haijatutoka kichwani. Alikuwa mama mmoja wa Holili, msikilizaji wa kipindi chetu cha soko. Alitusalimu vizuri, akauliza habari za kazi, kisha akasema: "Wanangu, nina swali. Niliwatumia meseji kwamba nina mahindi. Jana mmesoma majina ya wenye mahindi, langu hamkulisoma. Nimewakosea nini?"

Hakuwa ametukosea kitu. Mnunuzi wa upande wa Taveta alikuwa ametuomba tumtajie hewani wauzaji wa ukanda huu wenye mahindi kuanzia gunia 10. Meseji zenu tulikuwa tumeshaziingiza kwenye kompyuta, na programu ndogo tuliyoiandika wenyewe ikatuchagulia wanaofaa. Tukasoma majina kama yalivyotoka. Lori likaja, likapakia, likaondoka. Mahindi ya mama, gunia 18, yalibaki stoo, na wiki iliyofuata akamuuzia dalali kwa bei ya chini kuliko ile ya lori.

Tulipofungua kompyuta tulilikuta jina lake pale pale. Hakuna aliyelifuta. Hapakuwa na onyo wala alama nyekundu. Programu ilimruka tu, kimya kimya, ikaendelea na wengine.

Tulimwomba radhi hewani, na tukaahidi kueleza kilichotokea kwa lugha ambayo kila mtu ataielewa. Makala hii ndiyo ahadi hiyo. Ni yako wewe uliyewahi kuambiwa dirishani kwamba "haumo kwenye mfumo", na pia ni ya kijana wako anayejifunza kompyuta, maana kesho yeye ndiye atakayeandika mifumo hiyo.

KADI NA MASWALI YAKE

Tuanze na kitu tunachokijua. Mtu akitaka kupika maharage, anayamwaga kwenye ungo na kuyachambua. Anatazama punje moja baada ya nyingine. Iliyotobolewa na mdudu anaitoa, jiwe analitupa. Jicho na mkono vinafanya kazi pamoja, na akikutana na punje asiyoielewa, anaisogeza karibu na mwanga aitazame vizuri.

Chekeche nalo linachuja, lakini kwa namna nyingine. Linajua jambo moja tu: tundu lake lina ukubwa gani. Kinachopita kinapita, kisichopita kinabaki. Haliwezi kusogeza kitu kwenye mwanga. Kompyuta inachuja kama chekeche, si kama jicho la mpishi. Ukilishika hilo, mengine yote yatakuwa mepesi.

Sasa fikiria kila meseji mliyotutumia imeandikwa kwenye kadi. Kila kadi ina maswali yale yale: Muuzaji ni nani? Ana bidhaa gani? Gunia ngapi? Yuko wapi? Maswali hayo tuyaite sifa. Kadi zote zikipangwa kwa mstari, tunapata orodha. Katika lugha ya kompyuta inayoitwa JavaScript, orodha ya kadi sita huandikwa hivi (majina tumeweka herufi, na baadhi ya kadi tumezitunga kwa ajili ya mfano):

const mizigo = [
  { muuzaji: "A", bidhaa: "mahindi", gunia: 12, mahali: "Holili" },
  { muuzaji: "B", bidhaa: "maharage", gunia: 4, mahali: "Mwika" },
  { muuzaji: "C", bidhaa: "mahindi", gunia: 20, mahali: "Himo" },
  { muuzaji: "D", bidhaa: "Mahindi", gunia: 15, mahali: "Holili" },
  { muuzaji: "E", bidhaa: "mahindi", gunia: "gunia 18", mahali: "Holili" },
  { muuzaji: "F", bidhaa: "maharage", gunia: 11, mahali: "Holili" }
];

Usiogope alama hizo. Mabano yenye kona yanashika orodha nzima. Mabano yenye mikunjo yanashika kadi moja. Upande wa kushoto wa nukta mbili ni sifa, upande wa kulia ni jibu lake. Maneno yamefungwa kwa alama za nukuu, namba hazikufungwa. Tafadhali ikumbuke hiyo tofauti ya nukuu, maana ndipo mama yetu alipopotelea.

JavaScript si lugha ya mbali na wewe. Iliundwa mwaka 1995 na Mmarekani Brendan Eich, akiwa katika kampuni ya Netscape, na toleo lake la kwanza alilitengeneza kwa siku kumi tu. Leo inafanya kazi ndani ya kivinjari cha karibu kila simu janja. Ukifungua ukurasa wenye orodha ya bidhaa, ukagusa "onyesha za bei ya chini tu" na orodha ikapungua papo hapo, mara nyingi ni JavaScript iliyochuja. Na kama orodha yote imeshaingia kwenye simu, kuchuja hakuli bando tena, kwa sababu kazi inafanyika ndani ya simu yenyewe.

KUCHUJA NI KUULIZA KILA KADI SWALI MOJA

Amri ya kuchuja katika JavaScript inaitwa filter. Iliingia rasmi katika kanuni za lugha hiyo kwenye toleo la tano, Desemba 2009. Kabla ya hapo, mara nyingi mwandishi wa programu alilazimika kuandika mwenyewe hatua zote za kupita kadi moja moja. Sasa mstari mmoja unatosha. Huu ndio mstari wetu wa siku ile:

const matokeo = mizigo.filter(m => m.bidhaa === "mahindi" && m.gunia >= 10);

Ukiusoma kwa Kiswahili cha kawaida, unasema hivi: "Chukua orodha ya mizigo. Kila mzigo uite m. Uulize: je, bidhaa yako ni mahindi kamili, na pia gunia zako ni 10 au zaidi? Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, ingia kwenye orodha mpya." Alama tatu za sawasawa zinadai jibu liwe lile lile hasa. Alama mbili za && ni "na pia". Alama >= ni "sawa na, au zaidi ya".

Mambo mawili ni muhimu hapa. La kwanza, orodha ya awali haiguswi. Kadi zote sita zinabaki zilivyo, na kinachotoka ni orodha mpya pembeni. Kwa hiyo mtu akikosekana kwenye matokeo haina maana kwamba amefutwa. La pili, kama hakuna kadi hata moja iliyopita, kompyuta hailalamiki. Inakupa orodha tupu, kana kwamba mambo yote ni shwari.

Sasa hesabu mwenyewe kwa macho. Wenye mahindi ya gunia 10 na zaidi ni nani? Ni A mwenye 12, C mwenye 20, D mwenye 15 na E mwenye 18. Wanne. Lakini kompyuta ilitoa wawili tu, A na C. D na E wameachwa, na kila mmoja kwa sababu yake.

D ALIACHWA KWA HERUFI MOJA

D yeye aliandika "Mahindi" kwa herufi kubwa. Kwetu sisi ni neno lile lile. Kwa kompyuta iliyoambiwa "sawasawa kabisa", herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Vivyo hivyo nafasi moja iliyobaki mwishoni mwa neno, ambayo hata kwenye kioo cha simu huioni.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kulinganisha, tunaiambia kompyuta ikate nafasi za pembeni na kugeuza herufi zote kuwa ndogo:

m.bidhaa.trim().toLowerCase() === "mahindi"

Kwa mstari huo D anarudi. Lakini aliyeandika "mhindi" kwa kukosea, au "mahindi meupe", bado ataachwa. Kwa hiyo mtandao mzuri hukupa orodha ya bidhaa uchague kwa kugusa, badala ya kukuachia uandike. Watu wengine huona usumbufu kuchagua mkoa, wilaya na kata kutoka kwenye orodha ndefu. Sababu ni hii: "Moshi", "moshi mjini" na "Moshi (M)" visije vikawa sehemu tatu.

E HAYUMO KWA WAKUBWA, WALA HAYUMO KWA WADOGO

E ndiye mama yetu. Alituandikia "gunia 18", nasi tukaingiza vile vile, neno na namba pamoja. Kwa jicho la binadamu ni 18. Kwa kompyuta hiyo si namba, ni maandishi. Ilipoulizwa kama "gunia 18" ni sawa au zaidi ya 10, ilijaribu kuyageuza maandishi hayo yawe namba, ikashindwa, na jibu likawa hapana.

Hapo sasa ndipo penye funzo kubwa. Unaweza kufikiri kwamba kama E hayumo kwenye kundi la gunia 10 na zaidi, basi atakuwa kwenye kundi la chini ya 10. Tulijaribu. Tukaacha bidhaa pembeni, tukachuja kwa gunia peke yake. Wenye 10 na zaidi walitoka wanne: A, C, D na F. Wenye chini ya 10 akatoka mmoja: B. Wanne na mmoja ni watano. Kadi ni sita.

E hayumo kokote. Si mkubwa, si mdogo. Kitu kisichoweza kugeuzwa kuwa namba kikilinganishwa na namba, jibu huwa hapana kila upande. Na ndivyo ingekuwa kama sifa ya gunia ingekosekana kabisa kwenye kadi. Kukosa jibu si sawa na kujibu sifuri, lakini chekeche halina tundu la "sijui".

Je, tungeiambia kompyuta iondoe herufi zote ibakize namba? Tulifikiria hivyo, tukaacha. Kuna aliyeandika "debe 40". Ukifuta neno debe, ghafla ana gunia 40, na mnunuzi ataleta lori kubwa kwa mzigo mdogo. Mambo mengine yanataka mtu apige simu aulize. Kazi ya kompyuta hapo ni kutuonyesha nani wa kupigiwa:

const wakupigiwa = mizigo.filter(m => typeof m.gunia !== "number");

Maana yake: "Nipe kila kadi ambayo jibu la gunia si namba." Mstari huo ungetupa jina la E kabla lori halijafika. Hatukuwa nao.

MTEGO WA "AU"

Mtego mwingine hautokani na meseji yako, unatokana na anayeandika masharti. Mtu akisema, "Niitie wa Holili au wa Himo wenye mahindi," anamaanisha nini? Wenye mahindi tu, wawe wa Holili au wa Himo? Au wote wa Holili na chochote walicho nacho, pamoja na wale wa Himo wenye mahindi? Sisi kwa sisi tunaelewana kwa sauti na mazingira. Kompyuta haina mazingira. Ina kanuni moja: "na pia" hushikana kwanza, "au" hufuata baadaye. Kwa hiyo tukiandika hivi:

m.mahali === "Holili" || m.mahali === "Himo" && m.bidhaa === "mahindi"

(alama || ni "au"), kompyuta itachukua maana ile ya pili. Muuzaji F wa Holili, mwenye maharage, ataingia kwenye orodha ya mahindi, na mnunuzi atapoteza safari. Ukitaka maana ya kwanza, fungia "au" kwenye mabano:

(m.mahali === "Holili" || m.mahali === "Himo") && m.bidhaa === "mahindi"

Mabano mawili tu, na mtu mmoja anaingia au anatoka.

MPAKANI NAKO NI KUCHUJA

Nyinyi mnaovuka Holili kwenda Taveta mnayajua machujio kuliko sisi. Tangu mwaka 2016 tuna kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Badala ya kusimama mara mbili, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja upande unaoingia: ukielekea Kenya unahudumiwa Taveta, ukiingia Tanzania unahudumiwa Holili. Lakini kupungua kwa vituo hakujaondoa masharti.

Chukua ule utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliowekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Ukiutazama kwa jicho la makala hii, ni masharti matatu yaliyounganishwa na "na pia". Bidhaa iwe imetoka ndani ya nchi wanachama. Thamani ya mzigo isizidi dola 2000 za Marekani. Na bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Ukitimiza yote, unapewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa pale pale mpakani na hutozwi ushuru wa forodha. Vibali vingine, kama kile cha afya ya mimea, vinabaki pale pale. Kwa mfano wetu tu, na si kwamba mfumo wa forodha umeandikwa hivi, masharti hayo yangekuwa:

m.asili === "EAC" && m.thamani <= 2000 && m.kwenyeOrodha === true

Tazama alama <=. Inasema "isiyozidi", kwa hiyo mzigo wa dola 2000 kamili unapita. Mwandishi akisahau ile alama ya sawa na kuandika < peke yake, mwenye dola 2000 kamili anabaki nje, na mwenye dola 1999 anapita. Alama moja tu.

Sasa tazama neno thamani. Sisi wa mpakani tunashika shilingi za aina mbili kwa siku moja, na dola juu yake. Mtu akiandika thamani 150000 bila kusema ni sarafu gani, ni shilingi ya Tanzania au ya Kenya? Kwa chujio linalosubiri dola, 150000 ni mzigo mkubwa mno, unakataliwa. Kumbe ni gunia mbili tatu za mama anayekwenda gulioni. Namba yenyewe ni sahihi, kipimo ndicho kimekosekana. Kwa hiyo ukiulizwa thamani ya mzigo wako, taja na sarafu kila mara, hata kama inaonekana wazi.

SHARTI JIPYA LIKIONGEZWA

Wengi mnaikumbuka Machi 2021. Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na fangasi kwenye nafaka isiyokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Baada ya siku chache zuio lililegezwa, lakini kwa masharti mapya. Waingizaji wasajiliwe, na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Mahindi yalikuwa yale yale yaliyopita juma lililotangulia. Kilichoongezeka ni "na pia" tu. Kila sharti unaloliongeza kwa "na pia" linaweza tu kupunguza orodha au kuiacha ilivyo. Haliwezi kuiongeza. Anayeongeza sharti anapaswa kujiuliza ni nani atakayebaki nje, na kama alistahili kubaki nje.

Na hapa turudi kwa mama yetu. Mzigo usio na cheti cha vipimo si lazima uwe na sumu. Haujapimwa tu. Lakini mbele ya sharti la "isizidi 10", mzigo wenye sumu nyingi na mzigo ambao haukupimwa vyote vinapata jibu moja: hapana. Kwa afya ya walaji ni busara kuukataa mpaka upimwe, hatubishani na hilo. Tunachosema ni kwamba mwenye mzigo anastahili kuambiwa ni ipi kati ya hizo mbili. Aliyepimwa akakutwa na sumu anahitaji kurekebisha namna anavyokausha na kuhifadhi. Ambaye hakupimwa anahitaji kuelekezwa pa kupimia. Ukiwaambia wote "hamjafaulu" bila kufafanua, mmoja wao atarudi nyumbani akiamini mahindi yake ni mabaya wakati ni mazima.

TUNAVYOFANYA SASA

Tangu siku ile tumebadilisha utaratibu. Hatusomi tena orodha ya waliopita kabla ya kuiangalia ya walioachwa. Mstari wake ni huu:

const walioachwa = mizigo.filter(m => !(m.bidhaa === "mahindi" && m.gunia >= 10));

Alama ! ni "si". Tumeliweka swali lote zima ndani ya mabano na kuligeuza: "Nipe kila ambaye hakupita." Angalia kwamba hatukuandika "chini ya 10", kwa sababu tumeona E angeruka tena. Kwa namna hii kila kadi iko upande mmoja kati ya mbili, na hakuna inayodondoka katikati. Kisha tunahesabu. Waliopita ongeza walioachwa, lazima ipatikane idadi ya kadi zote. Siku ile ingekuwa A na C upande mmoja. B, D, E na F upande wa pili. Mbili na nne ni sita. Halafu mmoja wetu anaisoma orodha ya walioachwa kwa macho, kama anavyochambua maharage. "Mahindi" kwa herufi kubwa, ungeliona. "Gunia 18", ungeliona. Ni kazi ya dakika tano.

Nawe unayeandika programu, iwe ya chama cha ushirika, ya kikoba au ya shule, tunakusihi uweke kazi hiyo ndani ya mfumo wako. Kadi ikikosa jibu, usiiache ipotee kati ya wakubwa na wadogo. Iwekee kundi lake la tatu, na jina la kundi liwe "waulizwe".

NA WEWE UFANYE NINI?

Ukitutumia meseji ya soko, fuata mpangilio tunaoutaja hewani: bidhaa, kisha namba ya gunia peke yake, kisha mahali ulipo. Ukiuza kwa debe, sema debe, tutakupigia. Ukijisajili popote, iwe kwa ruzuku ya mbolea, mkopo wa kikundi au bima ya afya, hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha taifa, na uombe kuonyeshwa kilichoandikwa kabla hujaondoka dirishani. Usione haya. Ni kadi yako.

Na siku ukiambiwa "haumo kwenye mfumo", usigeuke kwenda nyumbani kwanza. Uliza kwa heshima maswali mawili. La kwanza: "Naomba kujua, orodha hii imechujwa kwa masharti gani?" La pili: "Kwenye kila sharti, kwangu pameandikwa nini?" Mara nyingi utakuta umo, ila jibu moja limekosekana, limeandikwa kwa kipimo kingine, au limeongezewa neno ambalo kompyuta haikulielewa. Hilo linarekebishwa kwa dakika chache, kama kuna mtu aliyeuliza.

Mama wa Holili aliuliza. Alidhani ametukosea, kumbe sisi ndio tuliomkosea. Msimu huu kadi yake inasomeka gunia: 18, namba tupu, bila alama za nukuu. Tulipompigia kumweleza alicheka, akasema: "Basi wanangu, mngesema tu mapema, ningeandika kumi na nane nikanyamaza."